Upawa, Kijiko na Kipimo cha Dawa ya Mtoto

Katika jiko la nyumba yoyote ya Kiseke, Manispaa ya Ilemela, vyombo vitatu hukaa pamoja: mwiko wa kusongea ugali, upawa wa kuchotea uji au mchuzi, na kijiko cha kulia. Lugha yenyewe imeviunganisha viwili kati ya hivyo kwa undugu, kwa maana kijiko ni mwiko mdogo. Hata hivyo, kazi zake hazifanani. Mwiko husonga, upawa hutoa chakula sufuriani na kukitia bakulini, kijiko hukitoa bakulini na kukifikisha kinywani. Hakuna hata kimoja kilichotengenezwa kwa ajili ya kupima. Hatari huanza pale chombo cha kubebea kinapogeuzwa kuwa kipimo.

Katika maelekezo ya tiba, kijiko cha chai humaanisha mililita 5, na kijiko cha chakula mililita 15. Vijiko vinavyouzwa sokoni havitengenezwi kwa kufuata vipimo hivyo. Watafiti wa Ugiriki, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walikusanya vijiko kutoka kaya 25 na kuvipima. Vijiko vya chai vilibeba kuanzia mililita 2.5 hadi 7.3. Maana yake ni kwamba watoto wawili walioandikiwa dozi moja wangeweza kumeza viwango vinavyotofautiana karibu mara tatu, ilhali kila mama ametii alichoambiwa.

Chukua mfano wa parasetamo ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Mtoto wa kilo 10 huhitaji miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja, yaani takriban mililita 5, na asipewe zaidi ya mara nne katika saa 24. Akinyweshwa kijiko chenye ujazo wa mililita 15, amemeza miligramu 360. Kosa hilo likirudiwa kila baada ya saa sita kwa siku kadhaa, ini laweza kuumia vibaya. Dalili zake za mwanzo, kama kutapika na kukosa hamu ya kula, hufanana na za ugonjwa uliomfanya mzazi atafute dawa, hivyo huenda akaongeza dozi badala ya kuiacha. Kwa upande mwingine, kijiko kidogo mno cha antibiotiki huacha maradhi yakiendelea.

Katika ugonjwa wa kuhara, ambao wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria wanaufahamu vyema, kinachohatarisha maisha zaidi ni kupotea kwa maji na chumvi mwilini. Pakiti ya ORS imekwisha kupimwa kiwandani. Kinachobaki ni kupima maji safi na salama kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, ambacho kwa kawaida ni lita 1, yaani chupa mbili za nusu lita. Pakiti ikikosekana, mchanganyiko wa dharura ni vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji, vyote vikiwa vimesawazishwa bila kilima. Nusu kijiko cha chakula kikitumika badala yake, chumvi huwa mara tatu, takriban gramu 9. Kiwango hicho cha sodiamu ni kama maradufu ya kile cha ORS, na chaweza kumletea mtoto degedege.

Wakati wa kunywesha, kijiko hurudi kwenye kazi yake halali. Mtoto mdogo hupewa ORS kijiko kimoja kila baada ya dakika moja au mbili. Akitapika, mzazi husubiri dakika 10, kisha huendelea polepole zaidi. Kidonge cha zinki nacho huyeyushwa ndani ya kijiko kwa maziwa ya mama au maji safi. Hapo kijiko chochote safi chafaa, kwa kuwa kidonge ndicho kilichobeba kipimo.

Upawa nao una nafasi yake katika lishe. Mtoto wa miezi 9 hadi 11 huhitaji takriban nusu kikombe cha mililita 250 kwa kila mlo. Wa miezi 12 hadi 23 huhitaji robo tatu hadi kikombe kizima. Mama akielekezwa ampe "upawa mmoja", swali ni upawa wa nani. Jibu hupatikana nyumbani: ajaze maji chupa ya nusu lita kwa upawa wake na kuhesabu. Zikiingia pawa 5, kila upawa una mililita 100. Kijiko kitamwonyesha jambo jingine, yaani uzito wa uji. Uji unaotiririka kutoka kwenye kijiko una maji mengi na nguvu kidogo. Unaofaa hukaa juu yake.

Kwa hiyo mhudumu wa afya aandike na kutamka mililita, asiishie kwenye "kijiko kimoja". Atoe kikombe cha kupimia au bomba lisilo na sindano, aonyeshe mstari wa dozi, kisha amwombe mzazi apime mbele yake. Mzazi naye asiondoke kwenye dirisha la dawa kabla ya kuonyeshwa kipimo hicho.

Ikishukiwa kwamba mtoto amezidishiwa dawa, apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama anaonekana mzima. Mzazi abebe chupa ya dawa pamoja na kijiko chenyewe kilichotumika. Mhudumu akikijaza maji na kuyapima, atajua mtoto alimeza kiasi gani, na matibabu yataanzia hapo.