HOTELI ISIYO NA KITANDA: MAJINA YA MAHALI PA KULA NA KUNYWA, KUTOKA MATILIKU HADI NAIROBI

Utangulizi

Msafiri aingiaye soko la Matiliku, katika Kaunti ya Makueni, akauliza hoteli iko wapi, huelekezwa bila kusita kwenye chumba chenye meza mbili tatu na mabenchi, birika la chai likichemka na sufuria ya muthokoi ikitokota jikoni. Hataona kitanda wala ufunguo wa chumba. Akitaka mahali pa kulala itambidi aulizie lojingi. Kwa wenyeji, hoteli ni pale ambapo mtu hula, akalipa, akaenda zake.

Mzaliwa wa soko hilo anapofika Emali, kwenye barabara kuu ya Mombasa, na kupanda gari la Nairobi, huenda na neno lake. Mjini hukuta lina wenyewe wengine. Makala haya yanakusudia kueleza baadhi ya majina ya mahali pa kula na kunywa jijini Nairobi, na kuonyesha kwamba majina hayo hayatofautishi vyakula tu. Hueleza pia ni nani anayekaribishwa, ni nani anayepika, na ni nani anayeweza kufukuzwa wakati wowote.

Hoteli na mkahawa

Neno hoteli lilitokana na Kiingereza. Hoteli za kwanza za Nairobi zilijengwa kwa ajili ya walowezi na wasafiri wa Kizungu: Stanley ilianzishwa mwaka 1902 na Norfolk ikafunguliwa mwaka 1904. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika aliziingia kama mpishi, mpagazi au mtumishi wa mezani. Baada ya uhuru zikaongezeka nyingine, mathalani Hilton, iliyofunguliwa mwaka 1969 na kufungwa mwaka 2022. Katika muktadha huo hoteli ni jengo la orofa nyingi lenye vitanda, na anayehudumiwa humo huitwa mgeni.

Hata hivyo, Wakenya walilichukua neno hilo hilo wakaliandika juu ya milango ya nyumba za mabati. Wapo wanaoona kwamba haya ni makosa ya watu wasioijua maana halisi ya neno. Rai hiyo haina mashiko. Neno la kukopwa halifungwi na maana liliyokuwa nayo kwao. Hufuata mahitaji ya jamii iliyolipokea. Isitoshe, matumizi haya yanaweza kusomwa kama dai la hadhi. Mwenye meza mbili na birika moja, anapotangaza kwamba naye ana hoteli, anakataa neno hilo liwe mali ya wale tu waliokuwa na vitanda vya kulaza wakubwa.

Mkahawa una historia tofauti. Mzizi wake ni kahawa, neno lenye asili ya Kiarabu, nalo lilikwisha kuingia katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Nchini Tanzania umbo linalosikika sana ni mgahawa. Neno hili lilisafiri kutoka pwani hadi bara, na katika lugha ya Gikuyu likawa mũkawa. Lakini lilipofika bara lilikiacha kinywaji kilicholizaa. Pwani, kahawa chungu humiminwa kutoka kwenye dele katika vikombe vidogo, na wanywaji huketi barazani wakizungumza. Katika mikahawa mingi ya bara kinachonywewa ni chai ya maziwa, au chai ya rangi ambayo wengine huiita turungi. Kahawa inayolimwa nchini kwa sehemu kubwa huuzwa ng'ambo. Mikahawa mipya ya kahawa, kama Java House iliyoanza Nairobi mwaka 1999, imekirudisha kinywaji hicho mezani, ila kwa bei ambayo mteja wa turungi hawezi kuizoea.

Kibanda

Kibanda ni banda lililotiwa udogo kwa kiambishi ki-. Udogo huo si wa umbo pekee. Ni udogo wa haki pia. Kibanda hujengwa kwa mbao, mabati au turubai kando ya barabara, karibu na viwanda, au palipo na mjengo. Mafundi na vibarua hula humo ugali kwa sukuma wiki, githeri, au chapati kwa maharagwe, ambayo Sheng imeyafupisha kuwa chapo dondo. Vijana wamelirefusha hata jina lenyewe likawa kibandaski, kwa mzaha na kwa mapenzi.

Jengo la mawe likiitwa hoteli huwa na leseni ukutani. Kibanda, kwa upande wake, mara nyingi husimama kwenye ardhi ya barabara, na askari wa jiji, maarufu kama kanjo, wanaweza kukibomoa asubuhi moja. Chakula kilichokuwa kikisubiri vibarua wa adhuhuri humwagika, na mtaji wa siku hiyo hupotea nacho. Ndiyo maana mpishi anayefanikiwa kukodi chumba cha mawe huharakisha kuandika juu ya mlango neno hoteli. Chakula kinaweza kuwa kile kile na sufuria zile zile. Kilichobadilika ni uhakika wa kuamka kesho na kuikuta kazi mahali pake.

Humu ndani mlaji haitwi mgeni. Huitwa kastoma, naye humwita mpishi mama, au mathe kwa Sheng.

Mama ntilie na mama pima

Neno mama linastahili kuangaliwa zaidi, na mfano bora unapatikana Dar es Salaam. Huko mwanamke anayeuza chakula kando ya barabara aliitwa mama ntilie. Sehemu ya pili ni sentensi kamili: nitilie. Ndani yake mna kiambishi cha mtendewa ni-, mzizi -ti-, kiambishi cha kutendea -li- na kiishio -e. Irabu ya ni- imedondoshwa katika usemi wa haraka. Mteja alikuwa akinyoosha sahani na kusema, "Mama, ntilie," na ombi lake likageuka kuwa jina la anayeombwa. Baadaye likazuka jina mama lishe, na wanaume walipoingia katika kazi hiyo, baba lishe. Mama ntilie hutajwa kwa sauti ya mlaji. Mama lishe hutajwa kwa kazi anayoifanya. Badiliko hilo dogo limempandisha hadhi.

Nairobi ina jina lenye muundo unaokaribia huo, nalo ni mama pima, yaani mwanamke auzaye chang'aa kwa kipimo cha kikombe. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliruhusu chang'aa itengenezwe na kufungashwa kwa viwango vilivyowekwa. Kikombe cha mama pima kilibaki nje ya ruhusa hiyo, na jina lake bado linanuka hatia. Hata hivyo hakunyimwa neno mama. Wateja wanaomwogopea askari ndio hao hao wanaomwita kwa neno la heshima.

Mahali pa nyama choma

Mahali pa nyama choma huchanganya matabaka kuliko pengine pote. Katika Soko la Kenyatta, Kariokor na Burma, mlaji huchagua nyama ikiwa bado inaning'inia, ikapimwa kwa kilo, ikachomwa, kisha ikakatwakatwa mbele yake juu ya ubao na kuliwa kwa ugali na kachumbari. Anayekuja kwa gari na anayekuja kwa miguu hunawa kwenye bomba moja. Majina yenyewe yamehifadhi historia: Kariokor, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, latokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilhali Burma yakumbusha nchi walikopigana askari wa Afrika Mashariki katika Vita vya Pili.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba hoteli, mkahawa na kibanda si visawe vinavyoweza kubadilishwa ovyo. Mwandishi wa riwaya anayempeleka mhusika wake kibandani amekwisha kumweleza msomaji kipato cha mhusika huyo na hofu ya mpishi wake. Mtunga kamusi naye hana budi kuiingiza hoteli isiyo na kitanda kama maana kamili ya neno, bila kuitia alama ya kosa, na kumpa mama pima kidahizo chake. Wasomi wa Kiswahili wakishindwa kufanya hivyo, watakuwa wanasanifisha lugha ya wageni wa hoteli kubwa na kuwaacha nje kastoma wa Nairobi na mlaji wa muthokoi wa Matiliku, ambao ndio wanaolitumia neno hilo kila siku wanaposhikwa na njaa.