Surua Haisubiri Barua ya Mfadhili

Mtu aliyekaa chumba kimoja na mgonjwa wa surua, au aliyeingia humo hata saa mbili baada ya mgonjwa kutoka, ana saa 72 za kuwahi chanjo inayoweza kumkinga. Zikipita hizo, mtoto mchanga au mjamzito asiye na kinga bado anaweza kudungwa kingamwili, mradi siku sita hazijaisha. Baada ya hapo kinachobaki ni karantini ya siku 21 na kungoja. Na kwa kuwa mgonjwa huanza kuambukiza siku nne kabla ya upele kutokea, siku anayogunduliwa sehemu ya muda huo imeshakwenda.

Wanaokimbizana na saa hizo si madaktari bingwa. Mmoja anashika simu na kumuuliza mama mwenye mtoto mgonjwa: Jumanne mlipitia wapi? Zahanati mlisubiri kuanzia saa ngapi, na nani mwingine alikuwepo kwenye benchi? Kulikuwa na mama mwenye mimba? Mwingine anapeleka sampuli maabara, mwingine anaendesha gari lenye kisanduku cha baridi cha chanjo. Mgonjwa mmoja aliyepitia chumba cha dharura anaweza kuacha orodha ndefu ya majina ya kupigiwa. Swali langu leo ni la kihasibu: mshahara wa huyo aliyeshika simu unatoka wapi, na mkataba wake unaisha lini?

Nchini Marekani, sehemu kubwa ya jibu ni ruzuku. Tangu 1995, kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kina mpango wa kuimarisha epidemiolojia na maabara, unaojulikana kwa herufi ELC. Fedha zake huenda kwa majimbo yote 50 na miji michache mikubwa kama Houston, Chicago na Philadelphia, na majimbo huzigawa hadi ngazi za chini. UVIKO-19 ulipoingia, Bunge lilimimina fedha ambazo mpango huo haukuwahi kuziona: dola bilioni 10.25 mwaka 2020, kisha zaidi ya bilioni 19 Januari 2021.

Fedha za namna hiyo hazimaliziki kwa mwaka mmoja, hata pakiwa na nia njema. Kuajiri kunataka tangazo, usaili na idhini. Mashine ya maabara hununuliwa kwa zabuni. Mwaka wa ruzuku unapofungwa, bakaa inakuwepo, na mara nyingi ni kubwa. Hapo ndipo ombi la kuongezewa muda linapokuja, na hapo ndipo wasomaji wengi wa habari hupotea, kwa kudhani serikali imetoa fedha nyingine. Mara nyingi haijatoa hata senti. Imesogeza tarehe ya mwisho ili bakaa iendelee kutumika, na pengine imelegeza sharti moja au mawili, kwa mfano mtu aliyeajiriwa kwa ajili ya UVIKO akaruhusiwa kufuatilia magonjwa mengine. Baadhi ya ruzuku za ELC zilisogezwa kwa njia hii hadi 2026.

Kwa mfadhili, nyongeza hiyo ya muda ni msaada wa bei rahisi kuliko wote. Kwa idara ya afya ya wilaya, kila kitu kinategemea tarehe ya barua. Mfanyakazi ambaye mkataba wake unaisha Juni hangoji Julai ndipo atafute kazi. Kufikia Machi ameshaanza kupeleka maombi. Barua ya nyongeza ikitua wiki ya mwisho ya Juni inaokoa bakaa, ila mtu ameondoka na ameondoka na mengi: anajua ni mchungaji gani hupokea simu usiku, ni familia zipi ndani ya nyumba huzungumza Kijerumani cha Wamennonite tu, ni muuguzi gani wa shule asiyeficha takwimu. Mambo hayo hayamo kwenye ripoti yoyote ya robo mwaka.

Wamennonite, jumuiya ya Kikristo, nimewataja kwa sababu. Mwishoni mwa Januari 2025 surua ilizuka katika Kaunti ya Gaines, magharibi mwa Texas, wanakoishi wengi wao, na ambako karibu asilimia 18 ya watoto wa chekechea walikuwa na msamaha wa kutochanjwa. Februari mtoto asiyechanjwa alifariki katika jiji la jirani la Lubbock, kifo cha kwanza cha surua Marekani tangu 2015. Mlipuko ukiwa bado unapanda, wiki ya mwisho ya Machi, serikali kuu ilisitisha ruzuku za enzi ya UVIKO zenye thamani ya takriban dola bilioni 11.4. Katherine Wells, mkurugenzi wa afya ya umma wa Lubbock, alisema wameagizwa kusimamisha kazi zilizolipiwa na ruzuku tatu zilizokuwa zikisaidia kupambana na surua hiyo. Kaunti ya Dallas ilifuta kliniki za chanjo zaidi ya 50. Texas ilipotangaza Agosti 18 kwamba mlipuko umekwisha, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, hesabu ilikuwa wagonjwa 762 na watoto wawili waliofariki.

Sisemi kwamba kusitishwa huko ndiko kulikosababisha vifo. Mtoto wa kwanza alifariki kabla ya hapo. Wala hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi. Ilisema janga limekwisha, na fedha za janga haziwezi kuwa za milele. Nusu ya hoja hiyo naikubali: kulipa kazi ya kudumu kwa fedha za dharura ni uzembe, na lawama ni ya wabunge wa vyama vyote viwili walioiacha bajeti ya kawaida ikadumaa. Lakini anayetaka kufunga ruzuku hutoa notisi ya miezi, na hufanya hivyo wakati hakuna mgonjwa.

Kesi zikafuata. Majimbo 23 na jiji la Washington yalishtaki Aprili 1, na jaji wa shirikisho huko Rhode Island akazuia usitishaji huo, ila kwa walioshtaki tu. Texas haikuwa miongoni mwao. Kaunti ya Harris, yenye jiji la Houston, ililazimika kwenda mahakamani kivyake pamoja na miji ya Columbus, Nashville na Kansas City.

Msomaji wa Kenya hahitaji kusafiri ili aelewe haya. Afya ni jukumu la kaunti tangu 2013, mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, na idhini ya matumizi inakufa siku hiyo. Kilichobaki kinarudi kwenye mfuko hadi bunge la kaunti likiidhinishe upya. Ruzuku zenye masharti nazo hungoja sheria ya mgao wa ziada ipite Seneti na Bunge la Taifa. Kipindupindu kikizuka Juni, wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba na vidonge vya klorini wanaingia Julai bila kujua nani atawalipa. Dawa yake iko ndani ya uwezo wa mabunge ya kaunti: kifungu kidogo cha mlipuko ambacho bakaa yake inavuka mwaka, na barua ya nyongeza inayotoka Machi.