Taarifa kwa Watumishi na Wananchi: Kuhusu Simu za Mitambo Zisizotakiwa Majumbani na Maofisini

Watumishi wa serikali na wakazi wa Ukerewe, pamoja na wenzetu wa Mwanza mjini na mwambao wote wa Ziwa Victoria, wanajulishwa katika ukurasa huu namna ya kujikinga na simu zinazopigwa na mitambo, zile ambazo mtu huinua mkono wa simu akakuta kimya kidogo, kisha sauti iliyorekodiwa ikaanza kumtangazia zawadi, mkopo au tishio la kufungiwa laini.

Yafaa kwanza kufahamu jinsi mtambo huo unavyofanya kazi. Programu ya kompyuta hupiga maelfu ya namba kwa mfululizo bila kujua ni za nani. Kile kimya cha mwanzo ni mtambo kusikiliza kama aliyepokea ni binadamu. Akisema "haloo", hapo ndipo sauti huanza, au simu huunganishwa na mtu aliyeketi mahali akingoja. Maana yake ni kwamba mpigaji hakutafuti wewe kwa jina. Anatafuta laini iliyo hai. Ndiyo sababu ule ushauri wa sauti hiyo, kwamba "bonyeza 9 ili tusikupigie tena", haufai kufuatwa hata kidogo. Anayebonyeza huwa amethibitisha kwamba namba ina mwenyewe na mwenyewe anasikiliza, na namba ya namna hiyo ina bei kubwa kuliko ile isiyojibu.

Simu ya mezani ina udhaifu wake. Namba zake hufuatana, na mwanzo wake unajulikana: 028 kwa Mwanza, Mara, Kagera na Shinyanga. Chombo chenyewe mara nyingi hakina kioo cha kuonyesha namba ya mpigaji, na huweza kupokelewa na yeyote aliye karibu, awe mtoto, bibi au mgeni. Ni kweli kwamba siku hizi nyumba nyingi za visiwani hutumia simu za mkononi tu, na za mezani zimebaki zaidi maofisini. Lakini mbinu ni zile zile, na laini ya ofisi ikilaghaiwa anayepata hasara ni umma.

Wako wanaosema dawa ni kutopokea kabisa namba ngeni. Kwa mkazi wa bara huenda ushauri huo ukafaa. Kwa mtu wa kisiwani haufai. Mgonjwa akihamishiwa Hospitali ya Bugando, habari zake zaweza kuja kwa namba ya wodi au kwa simu ya kuazima ya mtu aliyelala kitanda cha jirani. Wanaokumbuka tarehe 20 Septemba 2018, siku MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara, hawahitaji kuelezwa kwa nini simu ya kisiwani huachwa wazi usiku na mchana. Kwa hiyo shabaha yetu ni kupokea kwa tahadhari.

Ukiinua simu, subiri kidogo kabla ya kusema. Mtu wa kweli ataita. Mtambo mara nyingi utakata wenyewe. Ukisikia sauti iliyorekodiwa, weka simu chini bila kubonyeza tarakimu yoyote. Akiwa ni mtu, naye akadai anatoka kampuni ya simu, benki, au wizara inayohakiki taarifa za watumishi au kushughulikia uhamisho, mwulize jina na ofisi yake, mshukuru, kisha ukate. Halafu piga mwenyewe namba unayoijua, iliyo katika barua au hati ya ofisi husika, wala si ile aliyokutajia. Kampuni za simu za mkononi nchini hutumia namba 100 kwa huduma kwa wateja. Anayejiita wa huduma kwa wateja kwa namba ya kawaida asiaminiwe. Jambo moja dogo ambalo wengi hawalijui: katika baadhi ya mitambo ya simu za mezani, laini huweza kubaki imeshikwa na mpigaji kwa muda hata baada ya wewe kuweka simu chini. Ngoja dakika chache, au tumia simu nyingine. Namba ya siri ya fedha haitajwi kwa mtu yeyote, awe na sauti ya heshima namna gani.

Wala namba inayoonekana kiooni si ushahidi wa kutosha, kwani yaweza kughushiwa. Hata sauti siku hizi hughushiwa. Mwezi Januari 2024 wapiga kura wa jimbo la New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu za mtambo zenye sauti iliyotengenezwa kuiga ya Rais Joe Biden, ikiwashawishi wasipige kura ya mchujo. Mwezi uliofuata, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo ilitamka kwamba sauti bandia katika simu za mitambo zinabanwa na sheria yao ya mwaka 1991. Sauti ya mwanao akiomba fedha za haraka kwa namba ngeni ihakikishwe kwa kumpigia kwa namba yake ya siku zote.

Aina nyingine ni simu ya mlio mmoja. Simu hulia mara moja ikakatika, na namba iliyobaki ni ya nchi ya mbali. Anayerudisha hutozwa gharama kubwa, na sehemu ya fedha humfikia mlaghai. Wakuu wa ofisi wanashauriwa kuiomba kampuni yao ifunge simu za nje ya nchi katika laini zisizozihitaji.

Kuhusu sheria, kifungu cha 20 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kutuma ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa. Tangazo la biashara, hata likichosha, si lazima liwe jinai kwa kifungu hicho. Hapo msaada uko katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inampa mwananchi haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Anayeendelea kusumbuliwa baada ya kukataa aweza kupeleka lalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Haki hii bado haijazoeleka, na kwa maoni yetu inastahili kutumiwa zaidi. Inawahusu pia wale ambao majina na namba zao zilichotwa katika simu ya ndugu aliyekopa mtandaoni, nao wakawa wanadaiwa deni wasilolijua. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Ujumbe wa kitapeli ukifika katika simu ya mkononi, upelekwe kama ulivyo kwenda namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Utajibiwa kwa kuombwa namba iliyoutuma, nawe uitume. Kwa simu ya mezani, andika tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, pamoja na namba ikiwa imeonekana, na umwekee mwenzako wa zamu daftari hilo karibu na simu. Aliyekwisha kutoa fedha aende polisi siku hiyo hiyo akiwa na kumbukumbu hizo.

Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, walaghai hutafuta laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine. Kila mwananchi apige *106# aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa, na asiyoitambua aiombe kampuni iifute. Usiweke kidole mara ya pili kwa wakala anayedai ya kwanza "haikusoma" bila kuelezwa sababu.

Malalamiko kuhusu huduma yaanzie kwa kampuni yenyewe. Kwa laini za mezani za TTCL, kwa Shirika la Mawasiliano Tanzania. Asiyeridhika ayafikishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ofisi ya Kanda ya Ziwa, Mwanza.