Shosh Wako Alizaliwa Wapi?

Cheki hii form. Sato, 7 Septemba 2024, saa moja jioni ya Kanairo. Mbogi imejaa kibandani, chai iko moto, chapo zimepangwa. Kwa skrini ni Dublin. Ayalandi wako home, wanakula kiti moto na Uingereza. Dakika ya 11, goal. Declan Rice. Dakika ya 26, goal ingine. Jack Grealish. Game ikaishia hapo, mbili kwa yai.

Ka hujui rada, nikushow. Hao wasee wawili wote walikuwa wa mbogi ya kijani. Grealish alidunga jezi ya Ayalandi tangu akiwa mtoi hadi under-21. Rice akaenda mbele zaidi, akachezea timu ya wakubwa game tatu. Halafu wakaruka. Halafu wakakuja kwa hao watu walewale, wakafunga wote wawili siku moja. Rice hakusherehekea. Alisimama tu na uso ya chali amepatana na ex wake ndani ya mat na hakuna kiti ingine. Grealish yeye alienjoy roho safi.

Na boss wa Uingereza siku hiyo? Lee Carsley. Mzaliwa wa Birmingham, na alichezea Ayalandi game 40. Wimbo wa taifa ya Uingereza ukapigwa, yeye mdomo fyu. Magazeti ya London yakawaka. Manze, jamaa alisema hata akichezea Ayalandi alikuwa haimbi!

Sasa buda mmoja pale nyuma, kofia imeshuka hadi kwa macho, akaanza sermon. "Vijana wa siku hizi hawana uzalendo. Siku zetu mtu alichezea nchi aliyozaliwa."

Siku zenu gani, buda? Hizo ni jaba.

Ayalandi haikuwahi kufika tournament kubwa hata moja hadi 1988. Hata moja. Aliyewafikisha ni Jack Charlton, Mwingereza mzima mwenye medali ya World Cup ya 1966, ya Uingereza. Alishika timu 1986 na akaona kitu simple sana: Wairish wametoka ocha kwa miaka mingi kusaka wera Liverpool, Manchester, Birmingham, Glasgow, London. Kila mtaa wa hizo tao kuna chali anajua ball, na shosh wake alizaliwa Cork ama Mayo. FIFA inakubali mzazi, shosh ama guka aliyezaliwa kwa nchi, bora uko na uraia. Na sheria ya Ayalandi inasema shosh ama guka akizaliwa kwa hicho kisiwa, unajiandikisha unakuwa raia. Shosh ndio tikiti. Charlton akaanza kuulizia mashosh.

Haters wakacheka. Ati F-A-I, herufi za federation yao, ni "Find An Irishman". Tafuta Mwairish popote, chini ya kitanda, kwa sink. Wacha wacheke. Stuttgart, 12 Juni 1988, Euro, Ayalandi na Uingereza. Dakika ya sita, Ray Houghton, kichwa, ndani. Moja bila, na ikakaa hivyo hadi filimbi. Houghton alizaliwa Glasgow, akifungua mdomo ni Mskoti mtupu. World Cup ya 1990, wakafika robo fainali, captain ni Mick McCarthy wa Barnsley. Ya 1994, wakapiga Italia pale New Jersey, mfungaji ni Houghton tena, captain ni Andy Townsend wa Maidstone. Na ile beki ilizimia Italia siku hiyo, Paul McGrath, alizaliwa London, baba Mnigeria, mama Mwairish, akakulia Dublin. Uliza mtu yeyote wa Dublin ka McGrath ni Mwairish. Jipange kwanza, utachapwa.

Na kuna story ya Tony Cascarino. Hii inaniguza. Chali mzaliwa wa Uingereza, jina ya Kiitaliano, aliingia timu kupitia guka wa upande wa mathee. Akacheza game 88, na akistaafu hiyo ilikuwa rekodi ya Ayalandi. Kumbe njiani mathee alikuwa amemkalisha chini, akamshow kitu: yeye mathee mwenyewe aliadoptiwa. Ile damu ya guka haiko. Jamaa akabeba hiyo siri akiendelea kucheza, hadi akaiandika kwa kitabu chake 2000. Watu wakaruka juu, ati feki! Mwishowe ikajulikana sheria inahesabu mtoto aliyeadoptiwa ka mtoto mwingine yeyote, so alikuwa halali mia fil mia tangu day one. Lakini fikiria tu. Msee anakimbia uwanjani, amekula viatu za beki za dunia mzima kwa sababu ya nchi, na kichwani anajiuliza ka yeye ni mgeni. Game 88. Ukitaka kuona commitment inakaa aje, ni hiyo.

So tuseme ukweli kuhusu wale wawili. Grealish sina beef naye. Alizaliwa Birmingham, alikulia pale karibu, akiwa mtoi alicheza hadi Gaelic football, ball ya Wairish ya mikono na miguu. 2015 akachagua Uingereza kabla ya kugusa jezi ya wakubwa. Alikuwa anaamua maisha. Poa.

Rice ndio ananiuma. Jezi ya wakubwa si sweta ya Gikomba, ati unajipima, unajiangalia kwa kioo, unarudisha kwa rundo. 2018 alicheza na Uturuki, Ufaransa na Marekani. Zote friendly, na friendly haifungi mtu. Hapo ndio coach alilala. Angemweka dakika moja tu kwa game ya ushindani, story ingekuwa imeisha, maana sheria ya wakati huo ilikuwa ngumu. FIFA walikuja kuilegeza 2020: sasa hata ukiwa umecheza game tatu za ushindani kabla ufike 21, na si za fainali za World Cup ama Euro, unaweza hama ukingoja miaka tatu. Rice akahama Februari 2019. Mwezi uliofuata, Wairish wakamtangaza mchezaji wao chipukizi wa mwaka. Mwezi uliofuata! Hiyo ni ku-post anniversary na dem ameshahamia kwa msee mwingine. Picha ilichomeka vibaya.

Na buda, kabla unimalize na Rice, kumbuka Mike Okoth alidunga jezi ya Harambee Stars, mtoi wake Divock Origi akazaliwa Ostend, akachagua Ubelgiji, akafunga World Cup 2014. Wewe mwenyewe uliruka juu ya hicho kiti. Usinidanganye.

Lakini noma kubwa kwa hii story ni mahali ingine, na haina kelele. Ni pesa na makaratasi. Juni 2004, Ayalandi walipiga kura, karibu asilimia 79 wakasema ndio: kuanzia 2005, mtoi akizaliwa huko na wazazi wageni, uraia hauji wenyewe. Sasa cheki bei. Chali wa Birmingham mwenye shosh wa Cork, hata ka hajawahi kanyaga Cork, analipa euro 278 anaandikwa. Kama forty K. Msee mzima ametoka Lagos, amepiga wera Cork miaka na miaka, analipa 175 ya form, halafu 950 ya cheti. Hiyo ni laki na nusu na zaidi, na bado atangoja. Bei ni ya kukufa. Shosh ni discount, manze. Shosh ni discount kubwa sana.

Na bado watoi wa hao wageni ndio wanabeba timu. Chiedozie Ogbene alizaliwa Lagos, akafika Cork na miaka nane, akacheza Gaelic football na Nemo Rangers. Juni 2021, Budapest, akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kuchezea wakubwa wa Ayalandi. Gavin Bazunu, buda yake Mnigeria, mtoi wa Dublin, miaka 19, Septemba hiyohiyo ya 2021 akapangua penalti ya Ronaldo kwao Ureno. Adam Idah, Cork tupu, mskize akibonga utadhani amemeza mvua ya huko. Halafu kuna masee online wanauliza "huyu ametoka wapi?" Ametoka Cork, fala wewe. Chris Hughton, baba Mghana, mama Mwairish, alidunga hiyo jezi 1979. Hiyo swali imechacha tangu wazazi wako hawajakutana.

Novemba 2025, Budapest tena. Ayalandi wakikosa kushinda, ndoto ya World Cup imeisha. Wako chini mbili moja, zimebaki dakika kumi. Finn Azaz, mzaliwa wa London, anapiga pasi inakata beki ka chapo moto. Troy Parrott, chali wa mtaa, Dublin ya ndani kabisa, anaipokea, anamrukisha kipa. Mbili mbili. Dakika ya 96, Parrott tena, hat-trick, tatu mbili. Kibanda mzima tuko juu ya viti, chai imemwagikia wasee, na yule buda wa kofia amenishika shati anapiga nduru kuliko sisi wote.

Hakuuliza pasi imetoka kwa shosh wa nani.