Mathias Mnyampala na Tenzi za Maandiko Matakatifu: Umbo la Utenzi ni Mali ya Nani?



1. Utangulizi

Jina la Mathias Eugen Mnyampala linapotajwa katika madarasa yetu ya fasihi, neno linalofuata mara moja ni ngonjera. Mwanafunzi hufundishwa kwamba Mnyampala ndiye aliyeieneza bahari hiyo ya majibizano, na mara nyingi maelezo huishia hapo. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli, lakini imeegemea upande mmoja. Imeshika kazi za miaka yake ya mwisho na kuziacha nyuma tungo mbili ndefu alizozitoa akiwa Mkristo anayeyasoma Maandiko yake kwa sikio la mshairi, yaani Utenzi wa Enjili Takatifu (1963) na Utenzi wa Zaburi (1965).

Dai langu ni kwamba tenzi hizi mbili zinastahili kuwekwa katikati ya mjadala wa ushairi wa Kiswahili, kwa kuwa zinatulazimisha kujibu swali ambalo tumezoea kulipitia pembeni: je, umbo la utenzi ni mali ya nani? Ni la pwani peke yake? Ni la Uislamu peke yake? Au ni la yeyote aliyekubali kujifunza kanuni zake?

2. Maisha kwa ufupi

Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Ugogo, karibu na Dodoma, na alifariki mwaka 1969. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kigogo. Kiswahili alikipata shuleni, na elimu hiyo aliipata mikononi mwa wamisionari wa Kanisa Katoliki, ambalo alikuwa muumini wake. Alifanya kazi ya ualimu, kisha akaingia katika utumishi wa serikali.

Kabla ya kujulikana kwa ushairi, alikwisha jipatia nafasi katika uandishi wa nathari. Kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichapishwa mwaka 1954, na umuhimu wake unaonekana katika ukweli kwamba mwanahistoria Gregory Maddox alikitafsiri kwa Kiingereza na kukitoa mwaka 1995. Diwani ya Mnyampala ilitoka mwaka 1963. Basi tunaye mtu wa bara, Mgogo, Mkatoliki, anayeandika katika lugha ambayo hakuzaliwa nayo, na katika sanaa iliyokuzwa kwa karne kadhaa na watu wa mwambao waliokuwa Waislamu.

3. Umbo alilolipokea

Utenzi, kwa kanuni yake iliyoenea, una ubeti wa vipande vinne, na kila kipande kina mizani 8. Vipande vitatu vya kwanza hushirikiana kina kimoja, na kipande cha nne huleta kina cha bahari, ambacho hurudi mwishoni mwa kila ubeti tangu mwanzo wa utungo hadi mwisho. Umbo hili ndilo lililobeba Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya kale huhusishwa na Pate na mwaka 1728. Ndilo pia lililobeba Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858.

Je, umbo hili liliwezaje kuvuka kutoka mwambao hadi Ugogo? Jibu la kihistoria ni shule, magazeti na vitabu. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alitoa Sheria za Kutunga Mashairi, na kwa kitabu hicho kanuni zilizokuwa zikirithiwa kwa kusikiliza zikaweza kusomwa na mtu aliye mbali na bahari.

Lakini liko pia jibu la kiisimu, na ndilo ninalotaka kulikazia. Mizani ya Kiswahili huhesabu silabi. Haipimi mkazo wala urefu wa irabu. Silabi zetu kwa kawaida ni wazi, huishia kwa irabu, na hali ni hiyo hiyo katika Kigogo na katika lugha nyingi za Kibantu. Sikio la Mgogo halikuwa geni mbele ya hesabu hiyo. Kadhalika, kina cha bahari hakimtishi mtunzi kama inavyodhaniwa, kwa sababu vitenzi vyetu vingi huishia kwa irabu a, na viambishi vya kauli, kama vile -wa ya kutendwa na -ia ya kutendea, humpatia mtunzi akiba kubwa ya miisho inayofanana. Sarufi yenyewe huchangia vina. Aliyeimiliki sarufi hiyo, awe wa Lamu au wa Dodoma, tayari ameshika nusu ya ufundi.

Hata majina ya Maandiko yalikwisha andaliwa. Kiswahili kimeyapokea kwa kuyapa irabu mwishoni: Petro, Pilato, Galilaya, Nazareti, Yerusalemu. Kila jina likawa na hesabu yake. Galilaya lina silabi 4, yaani nusu kamili ya kipande. Yerusalemu lina silabi 5, na hivyo humwachia mtunzi mizani 3 tu za kusema jambo. Anayetunga Injili kwa utenzi hana budi kuishi na hesabu hizo ubeti baada ya ubeti.

4. Msamiati wa imani

Wako wanaoona kwamba Mkristo anapotunga utenzi huazima lugha ya dini isiyo yake. Tuutazame msamiati. Dhambi, toba, imani, rehema, malaika na shetani ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na Mwislamu na Mkristo huyatumia sawasawa. Zaburi na Injili, liandikwe Injili au Enjili, yana asili hiyo hiyo. La ajabu zaidi ni kwamba hata kanisa, msalaba, askofu na kasisi yametufikia kwa Kiarabu. Pembeni yake yapo machache ya Kizungu, kama padri lililotoka kwa Wareno, na yapo yaliyochimbwa katika mizizi ya Kibantu, kama mwokozi na mkombozi. Katika Roho Mtakatifu vyanzo viwili vinakutana: roho ni ya Kiarabu, na takatifu imetokana na takata.

Wahusika nao hawakuwa wageni. Kabla ya Mnyampala, washairi Waislamu walikwisha tunga tenzi juu ya Ayubu na Yusufu. Desturi ya kuanza utenzi kwa kumwomba Mungu ilikuwa wazi kwa kila anayesali.

Atakayepinga atasema kwamba umbo si chombo kitupu, bali hubeba kumbukumbu za waliolitumia. Nakubaliana naye kabisa. Ndiyo maana naona kwamba Mnyampala alipochagua utenzi, alijiunga na kumbukumbu hiyo kwa heshima. Ushahidi mmoja uko katika kazi yake nyingine: Mkatoliki huyu aliandika historia ya maisha ya Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mwislamu wa Ahmadiyya, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 1964. Udugu wa kalamu ulivuka mpaka wa madhehebu.

Tukumbuke pia wakati. Utenzi wa Enjili Takatifu ulitoka mwaka 1963, wakati sehemu kubwa ya Misa bado iliendeshwa kwa Kilatini. Waraka wa Mtaguso wa Pili wa Vatikani uliofungua mlango kwa lugha za wenyeji katika liturujia ulipitishwa tarehe 4 Desemba mwaka huo huo. Mshairi wa Ugogo hakungoja ruhusa hiyo ili kuyasikia Maandiko katika Kiswahili kinachoghanika.

5. Kivuli cha ngonjera

Kwa nini basi tumekumbuka ngonjera zaidi? Sababu ni ya kisiasa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, washairi walihimizwa kulieneza kwa umma, na chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kilikuwa mstari wa mbele. Ngonjera za UKUTA zilitolewa mwaka 1970 na 1971, mwandishi akiwa amekwisha fariki. Zilikaririwa shuleni na mikutanoni, na zikalifanya jina lake lijulikane nchi nzima.

Umaarufu huo ulikuwa na gharama. Katika ngonjera nyingi za wakati ule hitimisho hujulikana kabla ya majibizano kuanza: mjinga huuliza, mwerevu hujibu, na mjinga huridhika. Kisha ukaja mgogoro wa ushairi. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wahakiki waligawanyika kati ya watetezi wa vina na mizani na watetezi wa tungo huru. Katika mabishano hayo Mnyampala aligeuzwa nembo ya upande mmoja, na nembo huwa haisomwi. Waliomsifu na waliompinga walimpima kwa ngonjera.

6. Hitimisho

Nimeeleza kwamba kanuni za utenzi hukaa katika sarufi ya lugha, na kwamba msamiati wa imani katika Kiswahili ni wa pamoja tangu zamani. Haya mawili yakikubaliwa, hatuwezi tena kuufafanua ushairi wa Kiswahili kwa dini ya mtunzi au kwa umbali wa nyumba yake kutoka baharini. Pwani inabaki kuwa mlezi wa sanaa hii, na heshima yake haipungui kwa sababu mtoto amekaa Dodoma.

Wanafunzi mnaotafuta mada za utafiti, kazi ipo. Tenzi za Mnyampala zinangoja kulinganishwa, ubeti kwa ubeti, na tenzi za mwambao: vina vyake, mikato yake, namna anavyoyabana majina marefu, na mahali ambapo Kigogo kinachungulia katika uteuzi wa maneno. Anzeni kwa kuzisoma kwa sauti, kwani utenzi hutungwa kwa ajili ya sikio.