DAWA YA MAJI HAIKAI SIKU ZOTE

Ndugu musomaji, ninakuuliza neno moja: maji yaliyo ndani ya bidoni yako leo, yana dawa? Labda utajibu: Ndiyo, tulitia dawa juzi. Basi soma maneno haya mpaka mwisho, kwa sababu dawa ya juzi inaweza kuwa imekwisha, na wewe hujui.

Kolera ni ugonjwa unaopita katika maji. Mududu wake ni mudogo sana, jicho haliwezi kumwona. Anatoka katika haja kubwa ya mugonjwa, anaingia mutoni ao ziwani, na kutoka pale anaingia ndani ya kikombe chako. Mugonjwa anahara maji meupe kama maji yaliyooshwa muchele, anatapika, na asiposaidiwa anaweza kufa kwa saa chache. Katika mwezi wa 7 mwaka 1994 wakimbizi wengi sana walifika Goma kutoka Rwanda, wakanywa maji ya Ziwa Kivu bila dawa. Kolera na kuhara damu vikaua makumi ya maelfu ya watu katika majuma machache. Tangu siku zile kolera imerudi mara nyingi Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie.

ADUI WAWILI WA KLORINI

Dawa iliyo ndani ya javeli inaitwa klorini. Inaua wadudu wa kolera. Lakini ujue kwamba klorini ni kama sabuni. Sabuni inakwisha kwa kufua nguo chafu. Vilevile klorini inakwisha kwa kila uchafu inaoukuta: matope, majani, utelezi wa kijani ndani ya bidoni, vidole vya watoto. Ikikwisha kwa uchafu, hakuna inayobaki ya kuua mududu.

Adui wa pili ni jua. Fikiri juu ya hodhi la kuogelea, ambalo watu wa muji wanaliita pisini. Maji yake yanakaa wazi, na kwa saa chache za jua kali sehemu kubwa ya klorini inapotea. Kwa hiyo watunzaji wanatia dawa ya pili, asidi ya sianuriki, inayolinda klorini juani. Lakini kinga hiyo nayo ina kipimo chake: ikizidi, klorini inakuwa vivu, inachelewa kuua wadudu. Ndiyo sababu wanapima maji yao mara kwa mara.

Wewe nyumbani huna haja ya dawa hiyo ya pili. Kinga yako ni mufuniko na kivuli. Tena, usitie vidonge vya pisini ndani ya maji ya kunywa. Havikutengenezwa kwa kazi hiyo.

NAMNA YA KUTIA DAWA

1. Osha bidoni kwanza. Tia muchanga ao vijiwe na maji kidogo, tikisa kwa nguvu, mwaga, suuza.

2. Kama maji yana matope, yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa.

3. Soma karatasi ya chupa. Chagua javeli isiyo na manukato wala sabuni. Kama nguvu yake ni 5 kwa 100, tia matone 2 kwa kila lita, ndiyo matone 40 kwa bidoni ya lita 20. Maji yakiwa bado na rangi ya matope, tia matone 80. Kama nguvu ni nyingine, ao haikuandikwa, usikisie. Peleka chupa kwa munganga akupimie. Kama una vidonge vya maji ya kunywa, fuata maneno ya karatasi yake.

4. Tikisa, funga, ngoja dakika 30. Mududu hafi papo hapo.

5. Nusa. Harufu kidogo ya javeli ni alama njema: dawa imemaliza kazi na nyingine imebaki kulinda. Kama hakuna harufu, tia kipimo kile kile tena, ngoja dakika 15. Kama bado hakuna, usinywe maji yale.

6. Weka kivulini, na kufunika. Mimina kikombeni, usichovye kikombe wala mukono. Maji yakilala usiku na muchana, usiyategemee tena. Tia dawa katika maji mapya.

Chupa ya javeli nayo iwe mbali na jua na joto, maana inapoteza nguvu polepole. Usiiweke katika chupa ya limonadi, mutoto asije akainywa. Usiichanganye na dawa nyingine za kusafisha. Inaweza kutoa hewa ya sumu.

NENO KWA MAMA WA NYUMBA

Mama mpendwa, wakati wa kolera kuna watu wanaosimama kando ya ziwa na kutia dawa ndani ya kila bidoni. Wengine wakifika njiani wanamwaga nusu, wanaongeza maji ya ziwa, ili harufu ipungue. Mama, usifanye hivyo! Umebeba uzima kichwani, na sasa unauchanganya na mauti. Kama harufu inasumbua mutoto, mimina maji katika kikombe safi, uyaache kidogo kabla ya kunywa. Harufu itapungua.

Na mutu akianza kuhara, usingojee asubuhi. Mupe maji haya mara kwa mara: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visijae kupita ukingo. Mutoto anyonyeshwe vilevile. Muanze safari ya hospitali huku anakunywa.

Munakumbuka habari ya mana jangwani. Waisraeli walipewa chakula cha siku, na waliokiweka mpaka kesho walikuta kimeoza. Mungu aliwafundisha kumutegemea kila siku. Basi tuombe kila siku, na kila siku tutunze maji ya nyumba. Watoto aliotupa wanayanywa kwa kutuamini sisi. Hawawezi kuuliza kama dawa ingalimo.