Kufuata si Kutokana: Juu ya Insha ya Sababu na Matokeo

Katika insha zote ambazo mwanafunzi hutakiwa kuandika, hapana iliyo nyepesi kwa sura na nzito kwa tabia kama insha ya sababu na matokeo. Mwandishi huulizwa jambo fulani limetokana na nini, au limezaa nini. Naye hudhani kuwa akiisha kuyapanga mambo kwa tarehe zake amekwisha kujibu. Sivyo. Kupanga ni kazi ya msimulizi. Kuthibitisha kuwa hili limezaliwa na lile ni kazi nyingine, nayo ndiyo kazi ya insha hii. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha jinsi sarufi yetu wenyewe iwezavyo kumpoteza mwandishi, na jinsi iwezavyo kumwongoza.

Na tutwae mfano ambao wasomaji wa jarida hili wanaujua. Mara nyingi nimekuta katika insha za wanafunzi maelezo ya namna hii: "Mwaka 1928 wajumbe wakakutana Mombasa, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaundwa, Kiswahili kikaenea Afrika ya Mashariki." Tarehe hizo ni sahihi. Kosa limo katika kitenzi cha mwisho. Kiambishi -ka- hutaja tendo lililofuata tendo jingine, wala chenyewe hakisemi zaidi ya hayo. Tukisema, "Alikula, akalala," hatukusema kuwa chakula ndicho kilichomlaza. Lakini kwa kuwa masimulizi yetu hujengwa kwa -ka-, sikio limezoea kusikia uzazi mahali palipo na ufuasi tu.

Wengine huthubutu zaidi, wakaandika: "Mkutano ulikieneza Kiswahili." Hapa imeongezwa sauti moja, na enea imekuwa eneza; lakini kwa sauti hiyo moja mwandishi amekata shauri. Kauli ya kutendesha ni hukumu: yamtaja mtenda na kumtwika tendo zima. Na hukumu haitolewi kabla ya ushahidi.

Ushahidi huo hupimwaje? Sarufi ile ile yatupa mizani, nayo ni -ngali-. Lau mkutano wa 1928 usingalifanyika, je, Kiswahili kisingalienea? Twajua kuwa katika karne ya 19 misafara ya biashara ilikuwa imekwisha kuichukua lugha kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji, na kuivusha Ziwa Tanganyika mpaka Manyema. Twajua pia kuwa serikali ya Wajerumani ilikitumia Kiswahili katika shule zake na katika kazi za maakida, na kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiongozi lilikuwa likichapwa Tanga. Matokeo hayawezi kuitangulia sababu yake. Mtoto hamzai mamaye.

Mizani ya pili ni kulinganisha mahali na mahali. Kongo haikuwamo katika Kamati ya 1930, iliyoziunganisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Walakini Kiswahili chasemwa Bukavu na Lubumbashi. Uganda ilikuwamo, walakini Kiswahili hakikushika mizizi huko kama Tanganyika, na Kabaka Daudi Chwa wa Buganda alikipinga kwa maandishi mwaka 1929. Hapa matokeo yapo bila ya sababu iliyodaiwa. Pale sababu ipo, na matokeo ni haba. Dai limeanguka pande zote mbili.

Je, mkutano haukuzaa kitu? Ulizaa, lakini kitu kingine. Kabla yake, Steere alikuwa ametoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870 kwa kufuata Kiunguja, na kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 ilisimama juu ya Kimvita. Vitabu vya misheni vilihitilafiana kwa lahaja na kwa tahajia. Kamati ikaja kusahihisha vitabu vya shule, na mwaka 1939 ikatoka kamusi sanifu iliyohaririwa na Frederick Johnson. Lau Kamati isingalikuwapo, huenda vitabu vingaliendelea kwenda kila kimoja kwa njia yake. Kongo, ambako lugha ilienea bila ya Kamati hiyo, watu hata leo husema Kiswahili chenye umbo lake. Basi tunda la Kamati ni usanifu wa maandishi, si uenezi wa lugha.

Tofauti hii si mchezo wa maneno. Asemaye kuwa Kamati ilikieneza Kiswahili amewanyang'anya wapagazi, wachuuzi na walimu wa miaka mingi kazi yao, akawapa wajumbe wa mkutano mmoja. Naye asemaye kuwa Kamati haikufanya lolote hataweza kueleza kwa nini watu wa Mvita, ambao lahaja yao ina hazina kubwa ya ushairi, waliona kuwa wamewekwa kando.

Kwa hiyo mwandishi na afanye hivi. Kwanza, ayataje matokeo kwa sentensi moja iliyo wazi: ni uenezi au ni usanifu? Pili, atenganishe sababu na sharti: haja ya shule kuwa na vitabu vya namna moja ilikuwa sababu, mitambo ya kuchapia ilikuwa sharti, kwani bila ya hiyo jambo lisingaliwezekana, lakini yenyewe haikulitaka jambo hilo liwe. Tatu, aitie kila sababu katika mizani zile mbili. Nne, achague kitenzi kinacholingana na ushahidi: lilisababisha, palipothibitika, lilisaidia, penye sababu nyingi, lilifuatiwa na, pasipo na zaidi ya tarehe.

Akifanya hivyo, -ka- itarudi katika kazi yake ya haki, ambayo ni kusimulia, na msomaji atajua ni wapi anasimuliwa na ni wapi anathibitishiwa.